Maji ya Waridi

Siku ya tatu baada ya kuitoa gereji
niliikuta imejikojolea.
Sina neno la adabu zaidi.
Doa la waridi juu ya theluji nyembamba,
chini ya pua ya gari, pana kama sinia,
utadhani usiku kuna aliyepita na mrashi
akinyunyizia wageni wa harusi,
hapa Coventry, saa kumi na moja alfajiri,
na mimi na sare yangu ya kuogeshea wazee.

Pauni mia sita na ishirini.
Nilizilipa kwa mafungu matatu,
la mwisho noti za kumi kumi
ndani ya bahasha ya kadi ya Krismasi.
Haroub aliifungua injini mpaka kwenye silinda,
akalisawazisha hedi, akabadili gasketi,
ile kuukuu akanionyesha: imeungua pembeni
kama mkate wa kumimina uliosahauliwa.
"Gari hii sasa," alisema, "itakuzika wewe."

Na kabla ya hapo haikudondosha hata tone!
Ilikunywa maji, naam, kila Jumapili birika zima,
na sikujua yanakwenda wapi.
Lakini chini palikuwa pakavu.
Mbele ya mlango wangu palikuwa na heshima.

Kisha Bi Ollerenshaw akagonga,
paka wake kamkumbatia kama mtoto wa kuchanjwa.
Matamu, aliniambia. Maji hayo ni matamu,
paka huyalamba, na figo hufa kwa siku mbili.
Nikamwaga mchanga, nikatandika maboksi,
nikasukuma chini trei ya kuokea kuku,
na kila nikirudi zamu niliinama na tochi
kuhesabu.

Nilimpangia Haroub maneno, taa hadi taa,
mshale wa joto ukipanda, hita ikipuliza baridi.
Fundi wa mkono mmoja.
Umeponya jicho, umetoboa sikio.
Nilifika nayo yote chini ya daraja la reli.
Hakujibu. Akafungua kifuniko,
akafunga pampu ya kupimia presha,
akasukuma mara nane, mara kumi,
akaniashiria ninyamaze.
Tukaisikiliza injini iliyozimwa
kama watu wanaongoja mgonjwa aseme.

Tss.

Rejeta. Ukingoni, plastiki inapokutana na bati,
tone likachungulia, likanenepa, likaanguka.
"Hii mbovu tangu zamani," alisema, akifuta vidole.
"Ila injini yako ilikuwa ikivujia ndani,
ikinywa maji yake yenyewe, ikiyatoa moshi.
Presha haikai. Rejeta haisumbuliwi na mtu.
Mimi nimeziba kule. Nguvu imerudi.
Ikirudi, hutafuta pa kutokea."

Nilikuwa na tusi moja bado mkononi.
Nikalitia mfukoni.

Mwezi wa Septemba nilipatana na dada yangu Shinuna.
Miaka sita hatukusemezana, kwa ajili ya cherehani ya mama.
Miaka sita sikulia, na watu wakanisifu:
mkavu yule, imara.
Tangu apige simu nalia ovyo,
kwa tangazo la sabuni,
mbele ya sinki la Bwana Pettifer nikimwoshea vikombe,
mpaka akauliza kama maji yananiunguza.
Nilikwenda kwa daktari, nikamwambia
tangu nipone, naumwa.
Akaandika kitu. Hakuelewa.
Haroub angeelewa, lakini sikumwambia.

"Rejeta kiasi gani?"
"Ya dukani, mia na arobaini.
Ya skrepa, sitini, na dua."

Nilichukua ya dukani.

Leo alfajiri nimepiga goti kwenye barafu.
Boksi jipya. Kavu. Nikapapasa, kavu,
na pembeni kabisa,
tone moja.
Huenda ni la theluji. Huenda ni la pua yangu.
Paka wa Bi Ollerenshaw alikuwa juu ya boneti, ananitazama.
Hakuna kati yetu aliyeonja.